Baiti Tisa

Saa mbili kasorobo asubuhi, wananchi wakiwa bado kwenye foleni nje ya ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, mpiga chapa wa meza ya tatu alikuwa amekwisha kupangusa kibodi yake, amekwisha kugeuza kiti upande usio na msumari, na sasa alikuwa anatafuta kistari.

Kistari ni kile kimwanga kinachopepesa kwenye skrini kuonyesha herufi inayofuata itakaa wapi. Vitabu vya kompyuta vina jina lao la heshima, lakini pale ofisini walisema kistari, na sisi tutasema hivyohivyo. Kwenye kompyuta za zamani, zile zisizo na picha, zenye maandishi ya kijani tu juu ya weusi, kistari ndiyo macho ya mashine. Ukikipoteza hujui uko wapi. Unaweza kuwa kwenye jina la baba, unaweza kuwa kwenye tarehe, utajuaje?

"Kiko wapi leo?" aliuliza, pua yake ikikaribia kugusa kioo.

"Juu kushoto, dada," alijibu jirani yake wa meza ya nne. "Kipo palepale, hakijaenda sokoni."

Jirani huyo aliitwa Shemeji. Dada yake alikuwa ameolewa na mlinzi wa geti, na siku ya harusi ofisi nzima iliamua kwamba mlinzi ni ndugu yao wote, kwa hiyo kaka wa bibi harusi ni shemeji wa wote. Mpiga chapa wa meza ya tatu naye aliitwa Bi Tisini, kwa sababu alipiga maneno tisini kwa dakika bila kutazama vidole. Aliyebisha alikaribishwa akae pembeni na saa yake. Wengi walikaa, na wote waliondoka wamekubali.

Bi Tisini alikuwa na miaka ishirini na sita ndani ya ukumbi ule wa kompyuta nane. Zamani ukumbi ulikuwa na dirisha kubwa. Kisha Bosi akahitaji chumba cha kupumzisha wageni wake, ukuta ukajengwa, na dirisha likabaki upande wa pili pamoja na wageni. Tangu hapo wapiga chapa walifanya kazi chini ya balbu nne, moja ikiwa ya mashaka, mara inawaka mara inazimika. Waliandika barua kuomba dirisha jingine na miwani. Barua ikapokelewa, ikagongwa mhuri, ikawekwa kwenye faili. Bi Tisini alipoanza kuona ukungu alikwenda kwa daktari, na daktari akaandika kwa mkono wake kwamba macho haya yanaharibiwa na skrini mbovu gizani. Hiyo nayo ikagongwa mhuri. Tusidanganyane, ile faili ilikuwa nene kiasi cha mtu kuikalia.

Mwanzoni mwa mwezi ule likatokea kosa. Baba mmoja alirudi dirishani kwa wapokea maombi na cheti cha binti yake mchanga, akakinyoosha mbele ya kila mtu. Kistari kilikuwa kimempotea Bi Tisini katikati ya fomu, naye akalipiga jina la mtoto mara mbili, mara ya pili kwenye nafasi ya mama. Serikali ilikuwa imethibitisha, kwa mhuri na sahihi, kwamba yule mtoto wa siku arobaini alijizaa mwenyewe.

"Mimi sina ugomvi," alisema yule baba. "Ila mke wangu anauliza, yeye alikuwa anafanya nini hospitali siku nzima."

Watu walicheka, na Bi Tisini alicheka nao, kisha akakipiga upya cheti kile. Alasiri Bosi alimwita.

"Mama, mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi na kipimo cha macho," alisema Bosi. "Asiyeona hakai kwenye kompyuta. Hiyo si mimi, ni mwongozo."

"Nimebakiza miaka miwili kustaafu, Bosi."

"Ndiyo maana nasema tukupumzishe mapema. Na ile nyumba ya ofisi utairudisha taratibu tu, hatukukimbizi. Dereva wangu anaishi mbali sana, masikini."

Juu ya meza ya Bosi kulikuwa na kompyuta mpya, skrini yake pana na yenye rangi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Haikuwahi kuwashwa, kwa sababu kitambaa kile kilikuwa kizuri na mke wa Bosi alikifuma mwenyewe.

Nyumba ya ofisi ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala Bi Tisini. Cha mbele alilala mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na ushei, ambaye hakuweza tena kutembea lakini alimjua kila mpita njia kwa kikohozi chake. Mama yule alikuwa amehamishwa mara tatu maishani mwake, na baada ya mara ya tatu alisema hahami tena ng'o, atakayetaka kumhamisha alete jeneza. Bi Tisini alimjua mama yake. Hakuwa mtu wa kusema jambo kwa kupamba mazungumzo.

Kesho yake akaenda kwa Fundi.

Fundi alikuwa na chumba chini ya ngazi. Alitengeneza feni, kufuli, simu na kompyuta za jengo zima, na alikuwa na kitabu kimoja cha mitambo kisicho na jalada wala kurasa ishirini za mwanzo, ambacho alikuwa amekisoma mara nyingi mpaka akazibuni zile kurasa ishirini kwa kukadiria. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza swali alikuwa anafuta mikono kwanza.

"Naomba unikuzie kistari," Bi Tisini alimwambia. "Kinaweza kukuzwa?"

Fundi akafuta mikono. "Kinaweza," alisema.

Na kweli kinaweza, ingawa ni wachache wanaojua. Kila herufi kwenye skrini zile hukaa ndani ya kijumba cha mistari kumi na minne ya mwanga, mmoja juu ya mwingine, na kiwandani kistari hupewa miwili tu ya chini. Lakini mashine inakubali kuombwa. Ukiijua lugha yake unaiambia anza mstari huu, ishia mstari ule, nayo inatii. Ombi lenyewe ni programu ya baiti tisa. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja, kwa hiyo programu nzima ya Fundi ilikuwa fupi kuliko jina la Bosi kabla hujaweka vyeo. Mtu anayeweza kumrudishia mwenzake kazi yake kwa baiti tisa anastahili kuvuliwa kofia, na mimi ninamvulia.

Fundi hakukurupuka. Alileta kigoda, akakaa nyuma ya Bi Tisini kutwa nzima akimtazama anavyofanya kazi, kama fundi cherehani anayemtazama mteja akitembea kabla hajatoa futi. Aliona anavyogeuza kichwa kidogo kulia, na anavyovuta pumzi kila anapomaliza mstari.

"Kikikupotea, dada, unakitafuta kwa jicho lipi?"

"Siku hizi nakitafuta kwa dua."

"Samahani, nipe mkono."

Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akahesabu kimoyomoyo, akaandika kitu kwenye kiganja chake mwenyewe. Kisha akaketi kwenye mashine, akapiga zile baiti tisa, akazihifadhi kwenye disketi. Kistari kikajaza mistari yote kumi na minne, kikawa tofali la kijani, zima, lisiloweza kukosewa hata na mtu aliye mlangoni.

"Lo!" alisema Bi Tisini, na machozi yakamtoka. "Kumbe kilikuwa hapo muda wote."

"Ukizima mashine kinakufa," Fundi alimweleza. "Mashine inasahau, inarudi kwenye cha kiwandani. Kila asubuhi ukiwasha, andika TISINI, bonyeza, kitarudi. Ni lazima ukiite wewe mwenyewe."

Sasa, kasi ya kistari kupepesa imo ndani ya chuma. Hakuna programu inayoweza kuigusa, na Fundi alilijua hilo na alikuwa amelisema mara nyingi. Kistari cha Bi Tisini kilipepesa kwa mapigo ya moyo wake. Alipokunywa chai kilipepesa taratibu, na Bosi alipopita ukumbini kilikwenda mbio. Shemeji ndiye aliyegundua kwanza, akamwambia asimwogope Bosi kiasi hicho, kistari kinatoa siri yake.

Wiki ya pili kistari kilianza kupata joto, na baadaye kidogo kikainuka juu ya kioo, kikawa na kimo cha punje ya hindi. Mfagizi alilalamika kwamba kitambaa chake kinakwama kila anapopangusa skrini ya meza ya tatu, na akaomba mashine ile iwe inazimwa kabla hajafika. Ombi lake lilikubaliwa. Kila herufi ambayo kistari kiliipitia nayo iliinuka, ikakaa juu muda wa kupepesa mara moja, ikalala. Bi Tisini aliweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya kioo, mkono wa kulia ukakiendesha kistari kwa vile vitufe vya mishale, naye akasoma.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Shemeji. "Hiki cha kwako kinasoma na kuandika!"

Bi Tisini alipofuka siku ya Jumatano, kati ya fomu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Ya kumi na mbili aliimaliza akiona kidogo pembeni, ya kumi na tatu hakuiona kabisa. Hakusimama. Aliichukua ile karatasi ya maombi, akaibandika kwenye kioo cha skrini, na kistari kikapita nyuma yake mstari kwa mstari, kikiyainua maandishi ya kalamu kama kilivyoinua yale ya mashine. Akayasoma kwa kidole, akaiweka karatasi chini, akapiga cheti. Siku ile alitoa vyeti thelathini na kimoja, na hakuna mtoto aliyejizaa.

Nyumbani alimweleza mama yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake, akalia kwa sauti.

"Lia, mwanangu," mama alimwambia, akimshikashika nywele. "Lia uyamalize. Halafu uniletee maji ya kunywa."

Habari za kistari zilienea ukumbini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ikaonekana vistari navyo ni hivyohivyo. Fundi alikwenda meza kwa meza na kigoda chake. Shemeji, ambaye hata akipiga herufi moja mawazo yake huwa sehemu mbili, alikatiwa kilichogawanyika, nusu juu na nusu chini, katikati wazi. Fundi alikipata kwa kuiambia mashine ianzie chini na kuishia juu, na mashine ile, kwa adabu, ikajaribu kufanya yote mawili. Mzee wa meza ya kwanza karibu na mlango, Babu Mihuri, alisema kistari kinamharakisha kama mke aliyesimama na mkoba mkononi. Fundi akakificha kabisa, na Babu Mihuri akafanya kazi kwa raha kwenye skrini isiyo na kistari, akijua tu kilipo.

Dada wa meza ya sita alipewa cha mistari saba, nusu tofali. Siku ya kwanza kikapepesa vizuri. Siku ya tatu kikaanza kupepesa kwa mapigo mawili, moja taratibu na jingine la haraka ndani yake. Alikitazama kitambo, akahesabu kwa vidole, akaomba ruhusa akaenda kupima. Aliporudi alikuta wenzake wamekwisha kuanza kubishana juu ya jina la mtoto.

Hata Bosi alisikia, akataka chake. Fundi alimshika mkono, akahesabu, akafuta mikono. Halafu akamwambia kilichomfaa ni kilekile cha kiwandani, na Bosi akafurahi sana, akasema siku zote alijua yuko sawa.

Mkaguzi alifika mwisho wa mwezi, mtu mpole mwenye bango la herufi chini ya kwapa. Alilitundika ukutani chini ya balbu isiyo ya mashaka. Wapiga chapa saba walisoma, huyu mpaka mstari wa tano, yule mpaka wa nne, Babu Mihuri mpaka wa pili. Ikafika zamu ya Bi Tisini. Dereva wa Bosi alikuwa amesimama mlangoni, anachezea funguo.

"Mama, unaona nini hapo?" Mkaguzi aliuliza.

"Sioni kitu, mwanangu."

"Hata herufi kubwa?"

"Hata ukuta."

Mkaguzi aliandika. Bosi alimwinamia akamnong'oneza kitu, na Mkaguzi akasema ni kweli, ila mwongozo unataka na jaribio la kazi. Akatoa kwenye mkoba karatasi iliyoandikwa na daktari, moja ya zile ambazo hata wauza dawa huziulizia kwa simu. Wapiga chapa watatu waliipokea kwanza, wakairudisha wakiomba radhi. Bi Tisini aliipokea kwa mikono miwili, akaibandika kwenye kioo. Kistari kilikuwa kinakwenda mbio, kila mtu alikiona. Alipitisha kidole mara moja toka juu mpaka chini, bila kurudi nyuma. Kisha akaweka mikono kwenye kibodi.

Waliokuwepo wanasema ilikuwa kama mvua ya mabati. Mkaguzi alishika saa. Maneno tisini na manne kwa dakika, hakuna kosa, na mahali ambapo daktari aliandika uzito wa mtoto badala ya tarehe, Bi Tisini aliacha nafasi na kuandika pembeni: daktari aulizwe. Babu Mihuri alipiga meza kwa kiganja. Dada wa meza ya sita alipiga kigelegele, akajikumbuka yuko kazini, akakimalizia kwa sauti ya chini. Dereva aliweka funguo mfukoni.

"Mashaallah," alisema Mkaguzi, na alimaanisha. "Mama, nimezunguka ofisi nyingi. Sijaona mkono kama huu."

Kisha akarudi kwenye fomu yake. Ilikuwa na visanduku vinne: anaona, haoni, anafaa, hafai. Hakuwahi kutia alama kwenye haoni na anafaa katika mstari mmoja, lakini kwenye fomu hakuona mahali palipokatazwa. Akatia.

Siku kumi baadaye barua ilikuja kutoka makao makuu, na Shemeji akaisoma kwa sauti. Bi Tisini anaendelea na kazi hadi atakapostaafu, na nyumba anabaki nayo. Ukumbi mzima ulishangilia. Walimkumbatia, wakamwinua pamoja na kiti, na hata upande wenye msumari haukumdhuru mtu. Bi Tisini alikuwa anacheka na kulia na kuuliza iwapo kuna mtu anaweza kukimbia kumwambia mama. Mlinzi alikimbia.

"Subirini, kuna ukurasa wa pili," alisema Shemeji.

Ukurasa wa pili ulisema kwamba ukaguzi umethibitisha bila shaka yoyote kuwa kazi ya kupiga chapa haihitaji macho. Kwa hiyo maombi ya dirisha yamefungwa, kwa kuwa haja yake haipo. Maombi ya miwani, vilevile. Barua ya daktari irudishwe kwa daktari. Na kwa kuwa taa nazo zimewekwa kwa ajili ya macho, balbu nne za ukumbi ziondolewe, zipelekwe chumba cha wageni ambako watu bado wanaona.

Ngazi ilikuwa ya Fundi, kwa hiyo kazi akapewa Fundi. Alipanda, akafungua balbu moja baada ya nyingine, ile ya mashaka mwisho. Bi Tisini hakuona giza lolote, lakini alisikia ngazi ikihamishwa mara nne, na baada ya mara ya nne alisikia wenzake wakipapasa meza kutafuta vikombe vyao.

"Fundi," alisema. "Nimewafanyia nini wenzangu?"

"Wewe umepiga chapa, dada," Fundi alimjibu toka juu. "Mimi ndiye nimeshika balbu."

Kesho yake asubuhi Bi Tisini aliketi, akawasha mashine, akaweka disketi, na hakuandika kitu. Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi. Kwenye skrini, mahali asipopajua, kistari cha kiwandani kilikuwa kinapepesa kwa kasi yake ya chuma. Asingekiita chake, asingeweza kupiga hata jina moja, na makao makuu wangelazimika kuandika kwamba kazi hii inahitaji macho. Pengine balbu zingerudi. Nyumba ingeondoka jioni hiyohiyo, na mama yake angesubiri jeneza alilolisema. Aliwaza hayo yote waziwazi, na moyo ulimuuma kweli.

Wenzake walikuwa wamesimamisha kazi. Walijua anawaza nini, maana na wao walikuwa wamewaza hivyo.

"Kiite, dada," Shemeji alimwambia. Safari hii hakutania. "Ukiondoka wewe, atakaa mwingine hapo, na balbu zitabaki kwa wageni. Unawajua hawa. Kiite, mama anakusubiri."

"Msije mkanilaumu."

"Nani akulaumu? Wewe ndiye utatufundisha kubandika karatasi."

Akaandika TISINI, akabonyeza. Tofali la kijani likasimama, lenye joto, likipiga haraka kuliko siku zote. Aliwafundisha. Alianza na Babu Mihuri, kidole juu ya kidole, na alikuwa mwalimu mzuri asiye na kelele. Kufikia mwisho wa mwezi wote saba waliweza kusoma mwandiko wa daktari kwa kugusa. Vyeti viliongezeka. Ofisi ile ikawa inasifiwa mpaka mikoa mingine, na watu walikuja kuuona ukumbi wa giza wenye mioyo saba ya kijani inayopiga, wa nane wa Babu Mihuri ukiwa umefichwa, kila mmoja na mwendo wake. Ni kweli kwamba lilikuwa jambo zuri kutazama. Wageni wengi walisema hivyo, kisha walikwenda kupumzika kwenye chumba chenye dirisha.

Mwaka ule Babu Mihuri alistaafu, na nafasi yake akaajiriwa binti wa miaka ishirini na mbili. Alikuja na viatu vipya na macho ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Alisimama kizingitini, akapapasa ukuta.

"Shikamooni. Samahani, swichi ya taa iko wapi?"

"Marahaba, binti," walijibu.

Walikubaliana akae palepale kwa Babu Mihuri, karibu na mlango, ambako mwanga wa ukumbi wa nje ulifika mpaka ukingo wa meza. Bi Tisini mwenyewe aliusukuma mlango mpaka ukutani na kuuwekea tofali usijifunge. Wiki iliyofuata Bosi aliagiza mlango uwekewe springi, kwa sababu kelele za vibodi zilikuwa zinawafikia wageni.

Fundi alikuja na kigoda chake. Alikaa nyuma ya binti yule kutwa nzima, akamshika mkono, akahesabu, akafuta mikono, akahesabu tena. Kisha akamkatia kistari chembamba kuliko vyote alivyowahi kukata, mstari mmoja tu wa mwanga, ule wa chini kabisa, mwembamba kama uzi wa sindano. Wenzake wote walikisogelea wakakosa kukiona. Binti alikiona vizuri sana.

"Ni kizuri," alisema, akicheka. "Ahsante, baba. Kinanitosha kabisa."

Mwezi wake wa tatu kazini akashuka chini ya ngazi kumwomba Fundi amwongezee mstari wa pili.